Dawa ya Bibi Zuwena Ilivyolala Kwenye Theluji

Sikwenda Japani kwa starehe. Nilipelekwa na magoti, tena si yangu, ni ya Bibi Zuwena, mama wa miaka sabini na tisa niliyekuwa nikimtunza Rashidiya, Dubai. Watu wa nyumbani Voi wakiniuliza, "Wakesho, Japani ulifuata nini?" nawajibu hivyo, wanacheka, na mazungumzo yanahamia kwingine. Leo nataka kuisimulia safari yenyewe tangu kuondoka hadi kurudi, pamoja na sehemu ambayo hata mama yangu mzazi hajaisikia.

Bibi Zuwena ni mzaliwa wa Unguja. Aliletwa Dubai akiwa bibi harusi, akazeekea huko, lakini Kiswahili chake hakikupata hata mkwaruzo. Kisukari alikuwa nacho kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kumpima sukari, kumdunga insulini mara nne kwa siku, kumwogesha, kumshika mkono ngazini na kubishana naye juu ya halua. Mwanawe, sir Nassor, ndiye aliyekuwa kafeel wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kuishi na kufanya kazi kule. Alikuwa akinunua magari yaliyotumika kwenye minada ya Japani na kuyauza Dubai na Afrika Mashariki. Januari ya mwaka 2016 alipokuwa akijiandaa kwenda mnadani Yokohama, mama yake aliona kwenye televisheni nyani wa Japani wamejikalia ndani ya maji ya moto, theluji imewajaa vichwani.

"Nassor," akamwambia wakati wa chakula, "nyani wanakoga maji ya moto wakapona mifupa, mie mamako nakaa hapa kama gunia la mchele. Hilo umeliona sawa?"

Sir Nassor alicheka, lakini mama ni mama. Akatafuta mji mdogo wa milimani, kaskazini ya Tokyo, ambako maji ya moto hutoka ardhini yenyewe na watu wamekuwa wakiyaoga tangu enzi za mababu zao. Mpango ukawa hivi: yeye abaki Yokohama kwenye mnada, mimi na Bibi tukae huko siku tatu, kisha aje kutuchukua.

Kabla hatujatoka Dubai ni lazima niseme jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Mji ule adui wa insulini ni joto. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau mfuko wa dawa ndani ya gari pale Al Barsha, tuliposhuka kumnunulia Bibi viatu. Ilikuwa nusu saa tu. Tuliporudi, sir alizitupa peni zote za insulini, zile sindano za mfano wa kalamu, kwenye pipa mbele ya macho yangu. "Dawa ikipata joto ni maji," akaniambia. "Ukimdunga mama yangu maji, umemuua. Umesikia?" Nilisikia sawasawa. Tangu siku ile nilikuwa natembea na mfuko wenye vipande vya barafu, na nilikuwa nikiushika mara kwa mara kuona kama bado una baridi, hata nikiwa kwenye lifti.

Rashidiya, saa nane mchana. Tulifunga mizigo mitatu na mfuko mmoja wa dawa. Uwanja wa ndege hauko mbali na nyumba, lakini Bibi aliaga majirani kama anakwenda kuhiji. Penye foleni ya kukaguliwa, sir alinikabidhi pasipoti yangu, ambayo siku zote ilikaa kabatini kwake, na akaninyooshea kidole. "Wakesho, kuna vitu viwili tu. Mama, na dawa. Vingine vikipotea tutanunua."

"Ndiyo, sir."

Ndani ya ndege sikulala. Mfuko ulikuwa mapajani. Mhudumu alinibadilishia barafu mara mbili, na mara ya tatu aliniangalia kama mtu anayejiuliza nimebeba figo ya nani. Bibi yeye alilala fofofo, akaamka wakati wa kifungua kinywa, akanipa mkono wake nimdunge huku anatazama filamu. Hakuwahi kuutazama mkono wake nikimdunga. Hiyo ilikuwa desturi yetu: yeye ananyoosha mkono na kuendelea na mambo yake, mimi namaliza, nasema "tayari."

Tokyo tulilala usiku mmoja. Asubuhi sir alitupandisha garimoshi la kasi, akatukalisha, akakagua tiketi, akambusu mama yake kichwani. "Yalla, mama. Ijumaa nipo nanyi, inshallah." Garimoshi liliondoka dakika ileile iliyoandikwa, na Bibi, aliyewahi kusubiri basi la Mwembeladu nusu siku, akasema hawa watu wana ugonjwa wa saa.

Kwa saa ya kwanza tuliona nyumba na mashamba makavu. Kisha milima ikasogea, na ardhi ikaanza kuwa na mabaka meupe, halafu mabaka yakawa ni ya udongo na nyeupe ndiyo ardhi. Mimi nimekulia jua la Voi, nikahamia jua la Dubai. Nilibandika uso kwenye kioo nikasahau kwa dakika kadhaa kuushika mfuko wangu.

"Wakesho, hii yote ni barafu?" Bibi aliuliza.

"Theluji, Bibi."

"Na nani anaifagia?"

Tulishuka, tukapanda garimoshi jingine dogo la mabehewa mawili, na saa tisa alasiri tukafika kituo ambacho theluji yake ilikuwa imenizidi kimo. Mzee mmoja mfupi alikuwa amesimama na kibao chenye jina la Bibi. Huyo alikuwa Bwana Sato, mwenye nyumba ya wageni. Alimwinamia Bibi mpaka Bibi akaanza kumwinamia naye, nikamzuia kwa ajili ya magoti.

Nyumba ya akina Sato ilikuwa ya mbao, ya zamani, na mvuke ulitoka nyuma yake mchana kutwa. Mlangoni tulivua viatu. Bibi akafurahi. "Hawa wamelelewa," akasema. Bi Sato, mkewe, alijua Kiingereza cha kuhudumia wageni, kidogo kidogo na taratibu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alitupeleka chumba cha chini chenye mikeka, meza fupi iliyofunikwa mfarishi mzito, na chini ya meza kifaa cha kupasha miguu moto. Pembeni liliwaka jiko la mafuta ya taa. Chumba kilikuwa na joto la Dubai mwezi wa sita.

Nikaushika mfuko wangu. Joto, na chumba hakina friji.

"Friji iko jikoni," Bi Sato alisema nilipomuuliza. "Nikupelekee?"

Nilimtafsiria Bibi. Bibi akauliza jikoni kuna nyama gani. Bi Sato, kwa unyofu kabisa, akataja samaki, kuku, na nguruwe.

"Haiwezekani," Bibi akasema. "Dawa inayoingia kwenye damu yangu ikalale na nguruwe? Mwambie ahsante sana."

Nilimwambia ahsante sana. Kisha nikafungua dirisha. Nje kulikuwa na ukingo wa mbao, na juu yake theluji safi isiyoguswa na mtu. Nilicheka peke yangu. Miaka mitatu nakimbizana na vipande vya barafu, sasa Mungu amenimwagia dunia nzima ya barafu bure! Niliona nimepata akili kuliko watu wote waliowahi kutunza mgonjwa.

Kabla ya chakula cha jioni tulikwenda kuoga. Kuna bafu la wanawake wote, lakini Bi Sato alitupa lile dogo la familia, la uani, ambalo mtu anajifungia na watu wake. Sheria alituambia mlangoni: unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza mpaka uwe safi, ndipo unaingia majini, na hakuna nguo inayoingia. Hata kanga haingii.

"Wanakoga kabla ya kukoga," Bibi akasema. "Haya, vua na wewe. Nani atanishika huko ndani?"

Nilikuwa sijawahi kuvua nguo mbele yake. Nilivua. Akanitazama juu mpaka chini, akaangua kicheko. "Miaka mitatu wanitazama mie. Leo zamu yangu."

Niliingia kwanza, nikampokea. Maji yalikuwa ya moto hadi yanauma, kisha hayaumi tena. Theluji ilikuwa inatushukia vichwani. Bibi alinyoosha miguu yake, akayakunja magoti, akayanyoosha, akayakunja tena. Machozi yakamtoka, akasema ni mvuke. Ile robo saa nawaambia ukweli, sikukumbuka kama nimeajiriwa.

Tulipotoka nilimpima, nikamdunga ya chakula na ile ya saa ishirini na nne. Akala samaki na wali. Kisha nikazifunga peni zote, za kutumia na za akiba, ndani ya mfuko wake, nikazitoa nje, nikazifukia kwenye theluji ya ukingoni. Juu yake nikapigapiga kwa kiganja, vizuri, kama anayepanda mbegu.

Siku ya pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilifungua dirisha, sikuuona ukingo. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na bado ilikuwa inaanguka. Nilichimba kwa mikono mitupu mpaka vidole vikafa ganzi, nikaupata mfuko. Ulikuwa mgumu kama kiatu. Niliufungua zipu kwa meno. Zile peni, ambazo ndani yake unaona dawa ikicheza ukiziinamisha, hazikucheza. Mbili zilikuwa zimepasuka vioo vyake. Zilizobaki zilikuwa zimeganda nyeupe.

Nataka mjue kwamba karatasi ya maelezo nilikuwa naijua kwa moyo. Usiweke juani. Usigandishe. Lakini kusoma "usigandishe" Dubai ni sawa na kumwambia mtu wa Voi asizame baharini. Jicho langu lilikuwa likiuruka mstari huo kila siku.

Nilizipachika peni tatu kwapani, nikajibanza chooni. Baada ya robo saa zikayeyuka. Nilizitazama kwenye taa. Mbili zilikuwa na vipande vidogo vinavyoelea. Ya tatu ilikuwa safi kama maji. Nikajiambia hii imepona. Simu ikalia, sir Nassor.

"Wakesho, reli imefungwa. Wanasema theluji nyingi, na barabara ya mlimani pia imefungwa. Leo hakuna wa kuja wala kutoka. Mama amelala vizuri?"

"Vizuri, sir."

"Dawa ipo?"

Nilikuwa nimeishika mkononi. "Ipo, sir," nikasema.

Saa moja na nusu. Nilimpima Bibi: mia mbili na kumi na nne, tayari juu kuliko kawaida yake. Bi Sato aliingia na chai, wali, mayai na vikeki vya maharage matamu. Bibi alinyoosha mkono wake huku anachagua kikeki. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nawaapia nilifungua mdomo. Lakini nilimwona sir akizitupa zile peni Al Barsha, nikaiona pasipoti yangu ikigongwa mhuri wa kutorudi, nikamwona mdogo wangu aliyekuwa chuoni Mombasa kwa mshahara wangu. Nikazungusha peni ile iliyokuwa safi, nikamdunga. Nikasema, "Tayari."

Saa nne. Mia tatu thelathini na nane. Nikasema labda ni vile vikeki. Nikasubiri. Bibi akaomba maji, akamaliza birika. Akaenda chooni, akarudi, akaomba maji tena. Hizo dalili nazijua kama ninavyolijua jina langu. Nje theluji ilikuwa inaanguka bila upepo, bila sauti, na Bwana Sato alikuwa juu ya paa anaishusha kwa koleo.

Saa sita mchana. Mia tatu tisini na moja. Midomo ya Bibi ilikuwa mikavu, lakini yeye alikuwa ameshikilia taulo.

"Twende tukakoge."

"Leo hatuogi, Bibi."

"Ati? Nimekuja Japani kutazama ukuta?"

"Sukari imepanda. Ukiingia kwenye maji ya moto utazimia."

"Si umenidunga? Itashuka."

Alisema hivyo na akaanza kuinuka, akaegemea meza, akayumba. Nilimdaka. Uzito wake wote ulinilalia kifuani, na pumzi yake ilikuwa fupi. Nilipiga moyo konde.

"Bibi, niliyokudunga asubuhi haikuwa dawa. Zote ziligandia nje. Zimeharibika."

Alikaa chini taratibu. "Ulijua lini?"

"Bibi..."

"Wakesho. Ulijua kabla ya kunidunga, au baada?"

"Kabla."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaurudisha ndani ya mtandio, akaufunika. "Mkono huu nakupa mara nne kwa siku," akasema, "wala siutazami." Nikaanza kulia. "Kulia utalia baadaye. Niitie huyo mama mwenye nyumba."

Bi Sato hakuniuliza ilikuwaje. Alipiga simu hapohapo akiwa amesimama. Zahanati ya mji ilikuwa bondeni, dakika kumi kwa miguu siku ya kawaida. Daktari alikuwa amekwama mji wa pili, ng'ambo ya mto. Muuguzi alikuwepo, lakini alikuwa peke yake na wagonjwa wawili waliolazwa, hawezi kuwaacha. Dawa ilikuwepo. Ilitakiwa mtu aifuate, na muuguzi alitaka aone kwa macho peni zilizokuwa zikitumika, ajue atoe ipi na kiasi gani.

"Mume wangu atakwenda," Bi Sato akasema. "Na wewe."

Saa saba kasoro. Nilivalishwa mabuti ya akiba ya Bwana Sato, koti la mwana wao aliyehamia mjini, na kofia mbili. Sikutaka kumwacha Bibi. Bi Sato alikuwa ameshakaa naye mezani, amempa maji, anamkanda vidole. Bibi hakunitazama nilipoaga.

Njia haikuwepo. Bwana Sato alitangulia na koleo, akichimba pale panapohitaji, nami nikakanyaga alipokanyaga. Theluji ilinifika mapajani. Nilianguka mara nne. Kila nilipoanguka niliuinua mfuko wa dawa juu kwanza, kisha mwenyewe. Kwenye kona moja watu watatu wazee, mmoja wao mwanamke aliyepinda mgongo, walikuwa wanachimba kuelekea kwetu kutoka upande wa chini. Bi Sato alikuwa amewapigia simu. Walituachia njia, wakainama, tukapita. Sikujua niseme nini, nikasema "shukrani" kwa Kiswahili.

Zahanati, saa saba na nusu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alizipanga peni zangu mezani, akapiga picha, akazungumza na daktari kwa simu, kisha akaniwekea simu sikioni. Daktari aliongea Kiingereza kizuri.

"Insulini iliyoganda haifai, hata ikionekana safi. Tupa zote. Ulimdunga hii?"

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Nilimsikia akiandika. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo likinijia naona haya peke yangu: ile peni ya kutumia, kwa baridi ya huku, ingekaa tu kwenye rafu ya veranda ya ndani, mbali na jiko, wiki nzima isiharibike. Haikuhitaji friji. Haikuhitaji nguruwe wala theluji.

Muuguzi alitoa peni mpya. Mimi nikamfungulia mfuko wangu wenye vipande vya barafu, kama nilivyozoea. Alinitazama, akatazama vile vipande, akavitoa kimoja kimoja akaviweka mezani. Kisha akanifungua zipu ya koti, akaingiza dawa kwenye mfuko wa shati, juu ya ziwa langu, akafunga zipu mpaka kidevuni. Akabonyeza kiganja chake pale kifuani. "Joto lako," akasema kwa Kiingereza.

Kurudi ni kupanda. Nilikuwa na mkono mmoja kifuani njia nzima, na jasho lilikuwa linanitoka kwenye baridi ile. Nilikuwa nahesabu: chai ya saa moja na nusu, vikeki viwili, tangu jana jioni hakuna dawa iliyoingia. Nilimwomba Mungu kwa Kitaita, Kiswahili na Kiingereza. Bwana Sato alikuwa anachimba, anageuka kuniangalia, anachimba.

Saa tisa. Mia nne thelathini na sita. Bibi alikuwa macho lakini maneno yake yalikuwa mazito. Daktari alikuwa kwenye simu, Bi Sato ameishikilia. Alinitajia kiasi. Niliandaa peni, nikapiga magoti mbele ya Bibi na sikuugusa mkono wake.

"Hii ni nzima?" akauliza.

"Nzima, Bibi. Imetoka zahanati."

Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akamtazama Bi Sato, ambaye hakuelewa neno lakini alitikisa kichwa kukubali. Ndipo Bibi akautoa mkono. Safari hii aliutazama, kuanzia sindano inaingia mpaka inatoka.

Kisha kungoja. Saa kumi, mia nne na kumi. Saa kumi na moja, mia tatu hamsini na mbili. Bi Sato alipika uji mwepesi wa wali, akauweka pembeni mpaka daktari aruhusu. Saa moja jioni mashine ikaonyesha mia mbili arubaini na nane. Bi Sato akapiga makofi mara moja tu, kisha akafunika mdomo kama amekosa adabu. Mimi niliegemea ukuta.

"Theluji ile si kosa lako peke yako," Bibi akasema jioni ile, amelala. "Ni mie na nguruwe wangu." Nikasubiri aseme la pili, la sindano ya asubuhi. Akavuta mfarishi akajifunika.

Siku ya nne barabara ilifunguliwa, sir Nassor akafika. Nilikuwa nimeamua kumwambia, na Bibi alikuwa amesema wazi kwamba yeye hatanisemea. Nilisimama mbele yake chumbani, Bibi yupo mezani. Nilimweleza friji, dirisha, theluji, zahanati. Alibadilika rangi.

"Niliuliza kwenye simu kama dawa ipo. Ukasema ipo."

"Niliogopa, sir."

"Uliogopa! Na hukumdunga hiyo iliyoganda?"

Ilikuwa njia ya kuokoka, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. "Sikumdunga, sir," nikasema.

Nilimsikia Bibi akiweka kikombe chini. Sir alinifokea robo saa nzima, akasema khalas, imepita, mama ni mzima, alhamdulillahi, akatoka kwenda kuwashukuru akina Sato. Bibi akanyoosha mkono, lakini kiganja kilikuwa juu. "Nipe peni," akasema. "Najidunga mwenyewe."

Rashidiya tulirudi usiku wa Jumapili. Pasipoti yangu ikarudi kabatini. Majirani walikuja kuulizia nyani. Bibi aliwasimulia maji ya moto na theluji, na magoti yake kweli yalikuwa na nafuu. Kila ulipofika wakati wa dawa, aliniomba peni na kugeukia ukutani. Mikono yake inatetemeka tangu zamani, ndiyo sababu niliajiriwa. Siku ya kwanza alipinda sindano. Siku ya tatu alitoka damu, siku ya tano akawa na alama nyeusi tumboni, alikokuwa akijidunga, upana wa kiganja. Sir alipomwona anajidunga akasema vizuri, mama anajifunza kujitegemea.

Nilifundishwa kuogopa joto, nikadhani baridi ni rafiki. Hilo ni jambo la kujifunza, na nimewafundisha watunzaji wenzangu wengi tangu hapo. Lakini la pili ndilo zito. Asubuhi ile kule milimani nilimwogopa sir kuliko nilivyomwogopea Bibi, na mwenye kulipa akawa Bibi, kwa mwili wake, huko na hata tuliporudi.

Siku ya kumi na mbili nilipanda teksi hadi ofisini kwa sir. Alikuwa na wateja wa magari, akaniashiria ningoje. Walipotoka nilimwambia kwamba nilimdunga, kwamba nilijua, na kwamba nilimdanganya usoni mama yake akisikia. Hakufoka. Alizungusha kalamu mezani. "Mwisho wa mwezi nitakukatia tiketi," akasema. "Nenda."

Nilimkuta Bibi amekaa kitandani, karibu na saa ya chakula cha mchana, peni mapajani, anahangaika kufungua kifuniko.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa sir. Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote, Bibi."

"Akasema nini?"

"Mwisho wa mwezi niende kwetu."

Aliendelea kukihangaikia kile kifuniko kwa muda. Kisha akaniwekea peni mkononi, akapandisha mkono wa dera mpaka begani.

"Basi mpaka mwisho wa mwezi, nidunge wewe," akasema, akageuza uso kutazama dirishani.